Dakika kumi za imsaki zilivyopotea kati ya laptop yangu na kibao cha msikitini

Wakuu, assalaam alaykum. Na kwa wale ambao salamu yao ni nyingine, hamjambo nyote.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu jukwaani, ila huandika mara chache. Juzi niliona wawili wakivutana kwenye uzi mmoja. Huyu anashikilia kwamba ukitaka kutengeneza programu ya kifaa kidogo, cross-compile ndiyo njia. Mwenzake anasema emuleta ndiyo njia, na asiyeitumia anacheza. Nikasoma mpaka mwisho, nikafunga, nikaona haya peke yangu.

Nitakayoyaeleza yamenitokea mwenyewe. Sitaongeza chumvi, maana yanahusu funga za watu, na hapo si mahali pa chumvi.

Kwanza mnijue kidogo. Nina miaka sabini na moja, naishi Malindi. Maisha yangu ya kazi nilikuwa fundi wa mitambo ya simu, tangu zama za waya hadi zama za kompyuta. Kuandika programu kwa lugha ya C nilijifunza kazini, na nilipostaafu sikuacha. Wenzangu wanacheza bao, mimi nacheza na vibao vya saketi. Alhamdulillah, macho bado yanaona.

Mwaka huu, Rajabu ikielekea ukingoni, nikapata wazo la kutengeneza chombo cha saa za sala kwa msikiti wa mtaani kwetu. Kibao kidogo kinachoenea kiganjani, skrini ya namba nyekundu, na honi moja juu ya paa kwa ajili ya Ramadhani. Honi hiyo ilie wakati wa imsaki.

Kwa wasiojua: imsaki ni ile tahadhari ya dakika kumi kabla ya alfajiri kuingia. Huku kwetu, honi ya imsaki ikilia watu hawatupi kijiko. Wanajua wamebakiwa na dakika kumi, basi mtu anamalizia uji wake, anakunywa maji, anasukutua. Alfajiri ikiingia, mdomo umefungwa.

Kumbukeni dakika hizo kumi. Ndizo zilizotaka kuniua.

Nilitengeneza vyombo viwili. Kimoja cha msikiti wetu, cha pili cha msikiti wa Kuruwitu, ambako Ustadh Athumani ni muadhini na mwalimu wa madrasa. Ni mdogo kwangu kwa miaka ishirini, mtu mpole, anayeanza kila sentensi kwa kukuombea afya.

Sasa ufundi wenyewe, na wasiopenda mambo haya wanivumilie, nitaeleza kwa lugha nyepesi.

Prosesa ya laptop na prosesa ya kibao si jamii moja. Ya kibao ni jamii ya zile za kwenye simu. Programu iliyokompailiwa, yaani iliyogeuzwa kuwa lugha ya mashine, kwa ajili ya laptop haiendi kwenye kibao. Na kukompaili juu ya kibao chenyewe hakukuwezekana, memori yake ni ya ndege. Zimebaki njia mbili.

Ya kwanza ni emuleta. Unaifanya laptop ijifanye kibao, kila amri inatafsiriwa moja moja, na unakompaili humo ndani kana kwamba uko juu ya kibao. Ni salama, lakini ni polepole mno.

Ya pili ni cross-compile. Laptop inabaki laptop, inaandika programu kwa lugha ya prosesa ya kibao bila yenyewe kuizungumza. Ni kama mtu anayenakili barua ya lugha asiyoijua. Mkono unakwenda upesi.

Rafiki yangu Kahindi, fundi wa redio na sola pale Gede, alinishauri nitumie emuleta. Kahindi ni Mgiriama, Mkristo, tumefanya kazi pamoja miaka mingi na tunataniana bila kuchoka. Nikajaribu. Nilianza baada ya sala ya Alasiri, nikaenda Magharibi nikarudi, nikaenda Isha nikarudi, feni ya laptop inanguruma kama kinu cha posho. Kisha umeme ukakatika, na kazi yote ikapotea.

Siku ya pili nikafunga emuleta. Nikafanya cross-compile. Dakika tatu, kazi kwisha.

Nilimpigia Kahindi kumringia.

"Dakika tatu," nikamwambia. "Wewe na emuleta yako mngali mnachemsha maji."

"Sawa, mzee. Umeijaribu wapi?"

"Kwenye laptop. Nimeikompaili tena kwa ajili ya laptop, nikaiendesha, kila wakati umetoka sawasawa na jedwali la saa za sala."

"Hiyo umejaribu laptop," akasema. "Kibao hujakijaribu."

Nikacheka. Kosa langu la kwanza ni kile kicheko.

La pili: wakati wa kukompaili, kompaila iliandika mistari kadhaa ya maonyo. Mmoja ulisema ulinganisho fulani hautakuwa kweli kamwe. Niliuona. Nikasema moyoni, maonyo ni maonyo, makosa ndiyo makosa, na makosa hayapo. Nikaendelea.

Vyombo vikafungwa katikati ya Shaabani. Cha Malindi nilikifunga mwenyewe. Cha Kuruwitu nilimpelekea Ustadh Athumani pamoja na honi yake, nikamwonyesha nyaya, akaniombea dua ndefu, nikarudi. Skrini ziliwaka, saa ilikwenda vizuri. Watu wakanipa mkono wa pongezi. Sikuketi hata siku moja na jedwali mkononi kusubiri chombo kiseme.

Siku zikapita, ikafika tarehe ishirini na tisa ya Shaabani. Siku hiyo jioni ndiyo watu wanatazama mwezi. Ukionekana, kesho funga.

Adhuhuri ilipoadhiniwa nilikuwa nyumbani navaa kanzu. Mke wangu, Bi Salma, alikuwa jikoni. Ukutani jikoni kwake pana kalenda ya saa za sala ya Mombasa, kama iliyomo katika nyumba nyingi za mwambao, na pembeni yake ameandika kwa penseli: toa mbili. Maana jua la Malindi linatangulia la Mombasa, nasi tangu zamani tunachukua saa za Mombasa na kutoa dakika mbili.

Akaniuliza kwa sauti yake ya kawaida, "Baba Fatuma, chombo chako kimehamia Mombasa lini?"

"Kivipi?"

"Tangu ukifunge, adhana yetu inakuja na ya Mombasa. Zile mbili hakizitoi."

"Labda saa yako ya jikoni."

"Saa yangu ya jikoni imekuwepo kabla ya chombo chako."

Nikaenda kusali. Njiani nilijiambia, dakika mbili kuchelewa si kitu, sala haiharibiki kwa adhana iliyochelewa. Nikawa nimetulia kabisa, mpaka nilipovua viatu mlangoni mwa msikiti.

Hapo ndipo jambo lilipoingia kichwani. Ndani ya programu yangu, zile mbili za Malindi zimeandikwa hasi mbili. Na imsaki imeandikwa hasi kumi. Zote zinakaa katika aina moja ya kisanduku, na zinapita mlango mmoja.

Ikiwa hasi mbili imepotea, hasi kumi iko wapi?

Wakuu, sala ile sikumbuki nilisomaje.

Nilirudi nyumbani nikafungua laptop. Nikaendesha programu: hasi mbili ipo, hasi kumi ipo, kila kitu sawa. Nikaendesha tena, sawa. Ndiyo hofu ikazidi, kwa sababu ugonjwa usioonekana ndio unaoogopesha.

Nikampigia Kahindi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kahindi, nimeharibu."

Nikamweleza. Akasema, "Sisemi kwamba nilikwambia."

"Umeshasema."

"Basi sikiliza. Kukompaili ndani ya emuleta ndiko kulikokuchosha. Sasa usikompaili humo. Ile programu uliyokwisha kuikompaili, ile ile iliyoko msikitini, itie kwenye emuleta uiendeshe tu. Kuendesha ni papo hapo. Mwambie iandike namba zake."

Sikuwahi kuifikiria hivyo. Nilidhani njia ni mbili na mtu anachagua moja, kama njia panda.

Nikafanya alivyosema. Namba zikatoka. Badala ya hasi mbili iliandika 254. Badala ya hasi kumi iliandika 246.

Kisa chake ni hiki. Katika C kuna kisanduku kidogo cha namba kiitwacho char. Kwenye laptop yangu, char inajua hasi. Kwenye kibao, usipoiambia waziwazi, haijui hasi, inahesabu kutoka sufuri kwenda juu tu. Ukiipa hasi mbili, inazunguka na kutokea upande wa pili.

Na mimi, kwa kujiona mwangalifu, nilikuwa nimeweka mlinzi: marekebisho yoyote yanayozidi dakika thelathini ni takataka, yafanye sufuri. Mlinzi akaiona 254, akaifanya sufuri. Akaiona 246, akaifanya sufuri. Kimya kimya. Kama asingekuwepo, chombo kingelia saa za ajabu na kila mtu angejua kimeharibika. Mlinzi wangu ndiye aliyelifunika kosa shuka.

Na lile onyo la kompaila nililolipuuza lilikuwa likisema jambo hilo hilo.

Sasa tieni maanani. Honi ya Kuruwitu ingelia imsaki wakati alfajiri yenyewe imeingia. Watu wakisikia wanasema, tuna dakika kumi, na wanaendelea kula. Siku ya kwanza, ya pili, mwezi mzima. Kijiji kizima kinakula mchana kikidhani ni usiku. Wanaume, wanawake, wajane wanaofunga kwa shida, kila mmoja analazimika kufunga tena, kulipa kadha ya siku ambazo mimi nimempotezea. Na kwetu Malindi hali ni mbaya zaidi kwa zile mbili.

Na mwezi unatazamwa leo.

Dawa ilikuwa neno moja. Mbele ya char unaandika signed, basi. Nikaandika, nikafanya cross-compile, dakika zile zile tatu. Safari hii nikaipeleka kwenye emuleta kabla ya kwenda popote. Hasi mbili. Hasi kumi. Nikasoma yale maonyo mstari kwa mstari mpaka yakaisha.

Alasiri ile nilisujudu sijida ya kusahau, maana sikujua kama nimesali rakaa tatu au nne. Mtu anayetaka kuhesabia watu dakika, rakaa nne zimemshinda.

Cha Malindi nilikibadilisha kadi yake ya programu papo hapo baada ya sala, nikabaki chini yake na jedwali. Nikamwambia muadhini wetu kilichotokea. Akainamisha kichwa.

"Mimi niliona, mzee," akasema. "Nilikuwa naangalia saa ya mkononi nasema, mbona. Lakini nikasema wewe ndiye mwenye elimu yake."

Neno hilo lilinichoma kuliko kosa lenyewe.

Nikampigia Ustadh Athumani. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani. Nikapiga tena, vivyo hivyo. Nikampigia mwenye duka jirani na msikiti wao, simu ikaita mpaka ikakatika. Nilipiga mpaka kidole kikauma.

Bi Salma aliniletea maji nisiyoyaomba. "Kaa chini," akasema. "Ukianguka hapa, nani atakwenda Kuruwitu?"

"Nakwenda sasa hivi."

"Na macho hayo, kiza kiko mlangoni?"

Kahindi akapiga yeye. "Mzee, umempata?"

"Sijampata."

"Basi mwezi ukionekana nipe habari, nitapanda pikipiki niende. Mimi si mfungaji wenu, lakini kuchomoa waya wa honi najua."

Akaongeza, "Au mpaka nitawadhe kwanza?"

Hapo nilicheka, na kicheko kilitoka na machozi.

Magharibi ikaingia. Chombo cha Malindi kikasema kwa dakika yake, Bi Salma akatoa kichwa dirishani na kukubali kwa kope. Lakini mimi masikio yalikuwa kwenye redio. Sijawahi katika umri wangu kuingoja habari ya mwezi kwa moyo ule. Kila mwaka huungoja kwa shauku. Mwaka huu nilikuwa mtu anayeomba usionekane, na nikaogopa kwamba dua yenyewe ina kasoro. Nikaacha kuomba hivyo. Nikasema tu, Mola wangu, wasitiri watu wako na ujinga wangu.

Tangazo likaja. Mwezi haukuonekana mahali popote. Shaabani itimizwe thelathini.

Nilisujudu hapo hapo kwenye mkeka wa ukumbini. Siku moja. Nimepewa siku moja.

Asubuhi yake Kahindi alinikuta barabarani Gede, tukaenda pamoja. Kuruwitu tulifika jua halijawa kali. Ustadh Athumani alikuwa madrasani anachonga kalamu za wanafunzi. Simu yake, kumbe, ilikuwa imelala dukani kwenye chaji tangu juzi.

Akasimama, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaanza kuniombea afya. Nikamkatiza, jambo ambalo si adabu.

"Ustadh, honi umeiunganisha?"

Akatazama chini. "Bado, mzee wangu. Nisamehe."

"Bado?"

"Wenyewe wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hiki chako sijakipa jembe. Nimekiacha kiseme kwa taa tu, nami nakitazama."

Akaingia ndani akatoka na daftari la madrasa. Yeye hufunga Jumatatu na Alhamisi za Shaabani. Kila alfajiri ya funga yake alikuwa ameandika kwa mwandiko wa kutulia: taa ya imsaki imewaka pamoja na alfajiri. Chini yake, siku nyingine: vivyo hivyo. Siku nyingine: vivyo hivyo.

Kahindi alilitazama daftari lile muda mrefu. Akasema polepole, "Mzee, huyu ndiye emuleta."

Nikamwuliza Ustadh kwa nini hakuniambia.

"Nilitaka kukwambia," akasema. "Lakini kumwambia mtu mzima kosa lake kwa simu, niliona si heshima. Nikasema, akija nitamwambia uso kwa uso."

"Na kama nisingekuja?"

"Honi isingelia."

Nilibadilisha kadi, nikamwomba aunganishe honi sasa, maana kosa limeondoka. Akatabasamu kwa adabu zote, akasema inshallah. Wanaojua inshallah ya namna ile wanajua maana yake ni hapana.

Ramadhani ikaanza kesho yake. Kuruwitu watu waliamshwa na kuhadharishwa kwa sauti ya Ustadh, kama miaka yote. Nami kila alfajiri nilikaa Malindi na jedwali, moyo haujatulia, mpaka namba nyekundu igeuke mahali pake.

Baada ya siku saba simu yangu ikaita asubuhi. Ni yeye. Akaniombea afya yangu, ya mke wangu, ya watoto wangu. Kisha akasema, "Leo nimekipa jembe."

Wakuu, funzo langu ni hili, nanyi mtaongeza yenu. Wale wawili waliokuwa wakivutana, wote wana haki nusu. Kompaili kwa cross-compile, maisha ni mafupi. Lakini ulichokikompaili kiendeshe kwenye emuleta usome namba zake, kisha kiweke mahali pake halisi kikae na jedwali siku kadhaa bila kupewa honi. Maonyo ya kompaila yasomeni. Na mlinzi mnayemweka ndani ya programu, mfundisheni kupiga kelele, asifunike.

Hilo ni la ufundi. La pili limenielemea zaidi. Watu watatu waliliona kosa langu. Wawili walinyamaza kwa kuniheshimu, na heshima ile ilikaribia kunifanya niharibu ibada ya watu mwezi mzima. Aliyesema ni mmoja, kwa sababu amenizoea miaka arubaini na tano na saa yake ya jikoni haimwogopi mtu.

Kwa hiyo nawaomba mchangie. Yaliyowakuta kwenye vibao na prosesa zenu, yasemeni. Na kama katika bandiko hili kuna mahali nimekosea, iwe ni C au ni fikihi, niambieni hapa hapa mbele za watu. Msingoje nije.